Shajara ya mradi: kupima elektroni kwa jicho la kijani la redio

Kidato cha nne kuna mada ya elektroni zinazotoka kwenye chuma kilichopashwa moto na miale ya kathodi. Kila mwaka naifundisha kwa chaki: nachora mrija, naweka mishale, wanafunzi wanakariri sifa za miale, mtihani unakuja, mambo yanaisha. Mwaka huu klabu yetu ya fizikia imeniomba tuione kwa macho. Mrija wa maonyesho wa kiwandani haumo kwenye bajeti ya shule, kwa hiyo tunatumia valvu za redio za zamani, ile mirija ya kioo iliyotolewa hewa.

Malengo ni matatu. Kwanza, tuone mkondo ukipita kwenye ombwe pasipo waya. Pili, tujue kathodi, kile chuma cha moto kinachotoa elektroni, ina joto kiasi gani bila kuigusa. Tatu, kwa jicho la kijani, ile valvu ya redio inayong'aa elektroni zikiigonga, tupime uwiano wa chaji ya elektroni kwa tungamo yake, ule ambao J. J. Thomson alishughulika nao Cambridge mwaka 1897, na ambao leo vitabu vinaandika 1.76 × 10¹¹ kulombu kwa kilo. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Mwenye klabu kama yetu anakili kazi, makosa aniachie mwenyewe.

Angalizo kabla ya yote: nusu ya pili ya mradi ina volti 250 za mkondo mnyoofu. Hizo zinaua. Wanafunzi wangu wanasoma mita na kupiga picha; nyaya nagusa mimi tu, umeme ukiwa umezimwa.

10 Februari 2024: Taa ya breki

Nilitaka kuanza kwa bei rahisi. Edison aliona miaka ya 1880 kwamba akiweka kipande cha chuma ndani ya balbu, mkondo unavuka kutoka kwenye uzi wa moto kwenda kwenye kile chuma, bila kugusana. Mimi nikajiambia: taa ya breki ya gari ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Nitapasha mmoja moto, mwingine niufanye anodi, upande chanya unaopokea elektroni. Sh. 1,500 tu.

Nikawasha uzi mkubwa kwa betri la pikipiki, nikaunganisha betri sita za volti 9 mfululizo kati ya nyuzi mbili. Uzi mdogo ukawaka weupe kama radi, ukafa. Wanafunzi wakapiga makofi wakidhani ndilo onyesho lenyewe.

Fundi redio wa jirani, mzee ambaye nitamtaja mara nyingi humu, aliishika ile taa, akaigeuza mara moja. "Mwalimu, hizi nyuzi zimezaliwa tumbo moja. Zote zinarudi kwenye ganda." Kweli. Mwisho mmoja wa kila uzi umechomelewa kwenye ganda lilelile la shaba. Sikuwa na anodi. Nilikuwa na nyuzi mbili zilizoungana, na volti 54 nikazimwagia kwenye uzi wa volti 12. Hata zisingeungana, taa hizi hujazwa gesi ili uzi usiliwe haraka, na elektroni ikitoka inagongana na atomi za gesi kabla haijafika popote. Njia hii iacheni kabisa.

Hasara: taa 1,500, betri sita 12,000 (mbili hazikurudi kuwa nzima).

24 Februari: Valvu kutoka kwenye kopo la maziwa

Mzee ana kopo la maziwa ya unga lililojaa valvu alizong'oa kwenye redio tangu ujana wake, kila moja imeviringishwa gazeti. Akanipa EZ80 mbili bure, kwa masharti nimrudishie moja ikiwa hai. EZ80 ni dayodi, valvu inayopitisha mkondo upande mmoja tu: kathodi ni kamrija kembamba kaliyopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, ndani yake kuna uzi wa kupashia moto wa volti 6.3, na pembeni kuna anodi mbili. Upako huo mweupe ndio siri yake, na umejulikana tangu mwanafizikia Wehnelt alipoupata Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Tangsteni tupu inahitaji zaidi ya kelvini 2,000 ili itoe elektroni za kutosha. Kathodi yenye upako inatoa kwa kama 1,000 tu, kwa sababu kizingiti cha kutokea, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili itoke, kimeshushwa.

Moto wa uzi nimeutoa kwenye transfoma ya volti 12 kupitia rizista ya omu 10 ya wati 5. Inapata joto kweli, msiilaze juu ya meza ya plastiki. Yetu imeacha alama.

Dakika moja baada ya kuwasha, kamrija kanaiva: kwanza hakuna kitu, kisha wekundu wa kaa lililofunikwa na majivu. Tukaweka anodi kwenye chanya ya betri ya volti 9 kupitia potenshiometa, kifaa cha kurekebisha volti, na kusoma mkondo. Volti 2: miliampea 3.1. Volti 4: 8.5. Volti 8: 23.5. Tukigeuza nyaya, sifuri. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali nililokuwa nalisubiri: "Mwalimu, mbona volti zikiwa maradufu mkondo si maradufu?" Kwa sababu hapa hakuna omu. Elektroni zilizotoka zinajazana mbele ya kathodi kama watu mlangoni pa daladala, na zile za mbele zinazisukuma za nyuma zirudi. Hesabu ya Child na Langmuir inasema mkondo unakwenda kwa volti kipeo cha 3/2, yaani kila ukizidisha volti kwa 2 mkondo unazidi kwa 2.83. Sisi tumepata 2.74 na 2.76.

Kuthibitisha kwamba ni msongamano ndio unaobana na si uhaba wa elektroni, nilipunguza moto wa uzi mpaka volti 5.5. Wekundu ulififia kwa macho, lakini mkondo kwenye volti 8 ukashuka kutoka 23.5 hadi 22.9 tu. Elektroni zilikuwepo tele, njia ndiyo ilijaa.

9 Machi: Joto la uongo

Siku hii imenipotezea Jumamosi mbili, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Ukiifanya anodi iwe hasi kidogo, mkondo haukatiki papo hapo. Elektroni zenye mbio zinapanda kilima hicho hata hivyo, za polepole zinarudi. Kadiri kathodi inavyokuwa ya moto ndivyo zenye mbio zinavyokuwa nyingi. Kwa hiyo ukijua ni volti ngapi za hasi zinapunguza mkondo mara kumi, umejua joto: kwa kelvini 1,000 ni karibu volti 0.2. Kipimajoto bila kugusa.

Kwa kuwa mita yangu haisomi maikroampea vizuri, niliweka rizista ya kiloomu 1 mfululizo na anodi, nikapima volti juu yake. Milivolti 100 ni maikroampea 100, milivolti 10 ni maikroampea 10. Safi kabisa. Volti za kilima nikazisoma kwenye potenshiometa. Kutoka maikroampea 100 hadi 10 zilihitajika volti 0.30. Nikapiga hesabu: kelvini 1,500.

Tukaandika ubaoni, tukafurahi, tukafunga. Usiku nikakumbuka rangi. Chuma cha kelvini 1,500 kinawaka njano iliyokolea, unakitazama kwa kukunja uso. Chetu kilikuwa wekundu wa kaa. Ama hesabu inadanganya, ama macho.

Ilidanganya rizista. Mkondo wa maikroampea 100 ukipita kwenye kiloomu 1 unakula volti 0.1 njiani, kwa hiyo anodi ilikuwa chini zaidi ya nilivyosoma kwenye potenshiometa. Kwenye maikroampea 10 inakula 0.01 tu. Tofauti hiyo ya volti 0.09 ndiyo iliyonenepesha jibu langu. Dawa yake ni nyepesi mpaka inaudhi: hamisha waya wa mita ya pili kutoka kwenye potenshiometa hadi kwenye pini ya anodi yenyewe. Jumamosi iliyofuata tulipata volti 0.21 kwa kila mara kumi, sawa na kelvini 1,060 hivi, karibu nyuzi 785 za Selsiasi. Hiyo inaendana na kaa.

Onyo dogo: chini ya maikroampea 1 mita ya volti nayo inaanza kunywa sehemu ya mkondo. Tuliishia 2.

20 Aprili: Kifurushi, na kapasita iliyonikumbuka

Kwa lengo la tatu tunahitaji valvu inayoonyesha njia ya elektroni. Redio za kale za kifahari zilikuwa na jicho la kijani la kuonyesha kama umeikamata stesheni sawasawa. Katikati kuna kathodi iliyovikwa kofia ndogo nyeusi, kuzunguka kuna kisahani kama faneli pana kilichopakwa unga unaong'aa kijani elektroni zikiugonga. Pembeni ya kathodi kuna kijiti kinachotupa kivuli, na kivuli hicho kina kingo mbili zilizonyooka. Ukiweka sumaku, kingo zinapinda. Upindaji wake ndio tutakaopima.

Aina inayofaa ni 6E5, ambayo unaitazama kwa juu. Mzee alikuwa na moja, lakini ilikuwa imechoka: gizani kabisa ilitoa kijani cha kukisia. Nikaagiza mbili za Kisovieti, 6Е5С, zenye miguu minane, kwa posta. Pamoja na usafiri 78,000, wiki sita.

Nilipofungua, moja ilikuwa na doa jeupe kama maziwa mahali palipotakiwa kuwa na doa la fedha linalong'aa kama kioo. Doa hilo la fedha ni bariamu iliyowekwa ili imeze hewa yoyote iliyobaki. Likiwa jeupe, hewa imeingia, valvu ni pambo. Nyufa yenyewe ilikuwa pale shina la kioo linapoingia kwenye kitako. Huwezi kuiona mpaka uinamishe. Ndiyo maana niliagiza mbili.

Soketi ya miguu minane ya valvu haipatikani mjini kwetu. Lakini soketi ya rilei ya viwandani yenye pini nane ni ileile, inauzwa duka lolote la umeme wa mota. Sh. 6,000.

Volti 250 nimezipata kwa transfoma mbili za 230 kwa 12 zilizotazamana: ya kwanza inashusha, ya pili inapandisha. Ubora wake ni kwamba haziungani na waya wa nguzo moja kwa moja. Kwa sababu ya upotevu, upande wa pili unatoa 190 badala ya 230, ambazo baada ya dayodi nne na kapasita ya maikrofaradi 47 zinakuwa 268, na valvu ikianza kunywa zinatua 250. Uzi wa moto unachukua kwenye volti 12 za katikati, kupitia rizista mbili za omu 10 mfululizo, maana hapa mkondo ni ampea 0.3. Upande mmoja wa uzi nimeufunga kwenye kathodi ili usielee.

Sasa aibu. Nilipima volti, nikazima, nikachomoa plagi ukutani, nikaenda kunywa chai. Nusu saa baadaye nikarudi kuhamisha waya. Mkono ulirushwa nyuma, nikaangusha kikombe, na kiganja kikabaki na ganzi mpaka jioni. Kapasita haikuwa na mahali pa kupeleka chaji yake, ikaitunza na kunipa mimi. Sasa kuna rizista ya kiloomu 100 ya wati 2 imechomelewa juu yake daima. Baada ya nusu dakika mita inasoma karibu na sifuri, na hata hivyo napima kabla ya kugusa, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Rizista hiyo ni Sh. 300.

Jicho liliwaka mara ya kwanza saa moja usiku. Gridi, wavu mdogo wa ndani unaotawala upana wa kivuli, tuliifunga kwenye kathodi, na anodi ya ndani ikalishwa kupitia megaomu 1, hivyo kivuli kikafunguka karibu nyuzi 90. Mwanafunzi akasogeza sumaku ya spika juu yake, na zile kingo zikajikunja kama mapanga ya pangaboi. Akaigeuza sumaku, zikajikunja upande wa pili. Hapo umeme wa mtaa ukakatika.

4 Mei: Koili

Sumaku ya spika haina hesabu. Tunataka uga sumaku tunaoujua, kwa hiyo tunasuka koili juu ya bomba la plastiki la milimita 50, na valvu itakaa ndani ya bomba.

Waya wa kusukia mota, milimita 0.8, kilo moja Sh. 40,000. Urefu wa koili milimita 150, tabaka tano, mizunguko 172 kila tabaka. Tulipoteza hesabu katikati ya tabaka la tatu kwa sababu simu yangu iliita. Tukafumua. Safari ya pili mtoto mmoja alikaa na bakuli la maharage, kila mizunguko kumi anahamisha punje moja. Jumla 860. Ili kuhakiki nilipima ukinzani: kipenyo cha wastani cha koili ni milimita 54.4, kwa hiyo waya ni kama mita 147, na shaba ya unene huo inapaswa kuwa omu 5.0. Mita ilisoma 5.1 pamoja na nyaya zake. Maharage hayakosei.

Umeme wa koili unatoka kwenye betri la pikipiki kupitia riostati ya maabara, rizista ya kurekebisha mkondo.

11 Mei: Robo ya jibu

Hesabu ni hii: uwiano = 2V ÷ (B²r²). V ni volti za kisahani, B ni uga sumaku, r ni nusu kipenyo cha tao la kivuli. Kwa volti 220 elektroni inakwenda karibu kilomita 8,800 kwa sekunde.

Kupima r tulichapisha stationeri duara za nusu kipenyo cha milimita 8, 10 na 12 kwenye karatasi angavu, tukaishika juu ya kioo, tukaongeza mkondo mpaka ukingo wa kivuli ulale juu ya duara la 10. Ilifika ampea 1.41. Koili ikawa ya moto, mkondo ukawa unashuka tukiutazama, kila dakika tunasogeza riostati.

Jibu: 0.43 × 10¹¹. Robo ya linalotakiwa, kasoro kidogo.

Robo iliniokoa. Kosa la ovyoovyo halitoi robo. B iko kwenye hesabu ikiwa kipeo cha pili, kwa hiyo nilikuwa nadhani B ni maradufu ya ilivyo. Nikatazama: valvu nilikuwa nimeiweka jicho likiwa mdomoni mwa bomba ili tulione vizuri. Mdomoni mwa solenoidi, yaani koili ya umbo la bomba, uga ni nusu ya katikati. Kanuni hiyo naifundisha kila mwaka.

25 Mei: Katikati ya bomba

Tumelisukuma jicho ndani milimita 75. Tulidhani hatutaona, kumbe bomba limekuwa kivuli dhidi ya mwanga wa darasa na kijani kimeng'aa zaidi. Karatasi ya duara haifiki tena huko, kwa hiyo simu imewekwa kwenye stendi mita moja mbali, inapiga picha kwa kukuza, na duara tunazilaza juu ya picha kwenye kompyuta. Kipimo cha picha ni kipenyo cha kisahani, kilichopimwa kabla kwa kalipa kupitia kioo. Umbali wa mita moja unaondoa ule usumbufu wa tao kuhama kila ukisogeza kichwa.

Volti 220, nusu kipenyo 10, ampea 0.76. Jibu 1.47 × 10¹¹. Tumekaribia, lakini bado pungufu kwa asilimia 16.

Kosa lililofuata lilikuwa kwenye kanuni niliyoitumia, ya solenoidi ndefu isiyo na mwisho. Yetu ni fupi: milimita 150 kwa kipenyo cha 54.4. Uga wa katikati unapungua kwa kuzidisha na urefu ÷ √(urefu² + kipenyo²), yaani 0.94. Asilimia 6 inaonekana ndogo mpaka uipandishe kipeo cha pili. Kwa vipimo vilevile, jibu likawa 1.66.

Kisha tukabadilisha volti huku tao likibaki milimita 10: kwa 150 ampea 0.63, kwa 185 ampea 0.70, kwa 220 ampea 0.76, kwa 250 ampea 0.81. Ukichora V dhidi ya kipeo cha pili cha mkondo unapata mstari mnyoofu, na mteremko wake unatoa 1.69 × 10¹¹. Asilimia 4 chini ya thamani ya vitabuni. Uga wa dunia tuliuangalia na kuuacha: kwetu ni mikrotesla 30 na ushee, wetu wa koili ni zaidi ya elfu nne.

Asilimia 4 hizo sijazieleza bado, na kasoro iliyo karibu na kathodi haizielezi, maana hiyo ingelikuza jibu badala ya kulipunguza. Hesabu inachukulia kwamba elektroni inapata mbio zake zote mara tu inapotoka, lakini kwa kweli inazipata njiani, na ikiwa bado polepole inakunjwa zaidi. Kwenye picha unaliona hilo: tao limebana karibu na kofia nyeusi, kisha linafunguka. Tumekuwa tukilinganisha duara na sehemu ya nje tu.

8 Juni: Hesabu ya fedha

Taa na betri 13,500. Valvu 78,000. Soketi 6,000. Transfoma mbili 36,000. Waya 40,000, na karibu robo tatu kilo ndiyo imetumika. Bomba, rizista, kapasita, karatasi angavu 14,300. Jumla 187,800, bila kuhesabu kikombe. Anayerudia bila taa ya breki atatumia 174,300.

EZ80 moja nimemrudishia Mzee ikiwa hai kama tulivyoahidiana. Aliipokea, akaiviringisha gazeti lilelile, akaniuliza kama ile 6Е5С iliyovuja nina kazi nayo. Anataka kitako chake.

Jicho zima linawashwa dakika kumi tu kwa kipindi, maana ule unga wa kijani unachoka kwa kugongwa. Baada ya likizo kidato cha tatu watarudia vipimo kwa duara la 12 na la 8.